Rufaa ya Fundi Kesho

Shemeji yangu hajawahi kuiba hata sindano. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia mtu amehukumiwa mwaka mmoja jela kwa kujipatia mali kwa udanganyifu, humpa sura ya mjanja wa mjini mwenye simu tatu na maneno ya asali. Shemeji ana simu moja, na kioo chake kimepasuka. Maneno ya asali anayo, sikatai, lakini yamemletea hasara kuliko faida.

Ni fundi cherehani, na amemwoa dada yangu mkubwa. Kibanda chake kimepakana na duka langu la vifungo, zipu na nyuzi, na kati yetu pana ukuta wa mbao wenye tundu la kutosha kupitisha mkono. Kwa tundu hilo yeye huniagiza zipu, na kwa tundu hilohilo mimi husikia uongo wote anaowapa wateja, kuanzia asubuhi tunapofungua mpaka jioni tunapofunga. Mtaani wanamwita Fundi Kesho. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za fundi cherehani hazina idadi.

Kushona anajua. Hilo hata maadui zake wanakiri. Mwanamke mnene akivaa gauni lake hujiona ana kiuno, na mwanamume mwenye mabega ya kuanguka hutoka pale kama afisa wa jeshi. Shida yake ni kwamba hajui kusema hapana. Umlete mtu mwenye kitambaa na shida, shemeji atampima, atamsifu, atamwambia Ijumaa. Ukimuuliza baadaye hiyo Ijumaa ameitoa wapi wakati nguo kumi na tisa zinamsubiri kwenye kamba, atakwambia, "Shemeji, ningemwambiaje? Umemwona uso wake?"

Sasa, atakayeshonewa kwanza ni nani katika hao kumi na tisa? Nimekaa pale miaka kumi na minne, na jibu ninalo. Anayeshonewa kwanza ni aliyelia mwisho. Bibi harusi akija na machozi, nguo zote husogezwa nyuma. Akija mwingine akilia zaidi, bibi harusi naye anasogezwa. Kwa hiyo waliozoea pale wamejifunza kulia. Kuna mama mmoja mwenye duka la vyombo huanza kulia akiwa bado anavuka barabara.

Jambo jingine ni la mkasi. Kitambaa kikiingia tu, shemeji hukikata kona siku hiyohiyo, kijipande cha upana wa vidole viwili. Alifundishwa hivyo na mzee aliyempa ufundi, ambaye alikuwa akisema kitambaa kizima kina miguu. Ukikikata kona, mteja hawezi tena kukichukua na kukipeleka kwa fundi mwingine, kwa sababu fundi mwingine atauliza nani aliyeanza kazi hii. Na kuna faida ya pili. Mteja akija kuuliza, shemeji anaweza kumwambia "nimeshakata" na usiku akalala usingizi wa mtoto mchanga.

Ndipo akaja mama mkunga.

Mtaani kwetu huyu mama hahitaji kutambulishwa. Nusu ya watu walio chini ya miaka thelathini walipita mikononi mwake kabla ya kupita mikononi mwa mama zao. Alikuja Jumatatu na mita tano za satini, rangi ya damu ya mzee, kitambaa kizuri mpaka mimi niliweka chini kopo la vifungo nikasimama kwenye tundu kuangalia. Alikuwa anastaafu. Jumamosi saa nne asubuhi hospitali ilikuwa inamuaga. Akalipa ujira wote palepale, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili zake hufanya kwa shemeji.

"Ijumaa, mama," shemeji akasema. "Tena uje saa sita uijaribu, tubane kiuno kama kitalegea."

Na alikusudia. Kwa haki yake hilo nalisema, na nililisema mahakamani kwa kiapo. Jioni ileile aliingiza mkono kwenye tundu akanunua zipu ndefu ya kuficha na mita tatu za bitana ya rangi ileile, tukatafuta kwa taa ya simu mpaka tukaipata. Mtu anayetaka kula kitambaa cha watu hanunui bitana.

Lakini Jumanne alikuja bibi harusi. Jumatano akaja mwanafunzi aliyeitwa kwenye usaili wa kazi, hana suruali. Alhamisi ikaja familia yenye msiba, watu sita, wote wanalia kwa sababu ya kweli. Mama mkunga naye alikuwa akipita kila jioni akitoka zamu. Hakulia. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akauliza kwa adabu, "Fundi, tunaendeleaje?" na shemeji akajibu, "Nimeshakata, mama." Ijumaa saa sita akaambiwa imebaki mikono. Alinigeukia mimi. "Ni kweli imebaki mikono?" Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia ndiyo, nimeiona. Tumekuwa tukifichiana aibu miaka mingi pale, ulimi ulikwenda wenyewe.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuta kitambaa chake kwenye kamba, mita tano kasoro kona.

Alikikunja vizuri, akakiweka kwenye mkoba, akaenda hospitali kuagwa akiwa na sare yake ya kazi kwa sababu ndiyo nguo safi iliyokuwa karibu. Sherehe ilipokwisha alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi na maua yake mkononi. Askari wa zamu alizaliwa mikononi mwake. Hakukuwa na mjadala mrefu.

Katika mahakama ya chini mambo yalituendea vibaya mno. Hakimu alikuwa mtu mkavu, na nilikuja kusikia baadaye kwamba ana suti kwa fundi wa mtaa wa pili tangu mwaka juzi, lakini hayo ni maneno ya watu. Mama mkunga alipanda kizimbani akaeleza kwa sauti ya chini. Alisema miaka thelathini na moja hakuwahi kukaa kwenye sherehe yoyote na nguo ya kawaida. Harusi ya mdogo wake aliingia na sare, ubatizo wa mjukuu wake aliingia na sare, daima anatoka zamu au anakwenda zamu. Alitaka siku moja aonekane mtu tu, si nesi. Shemeji alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Hakimu akasema sheria iko wazi. Mtu akipata mali ya mwenzake, na katika shughuli hiyo akasema uongo, huyo ni tapeli. Uongo upo, tena wa kila siku. Mali ipo, kielelezo namba moja, hicho hapo mezani kimekatwa kona. Ile kona ndiyo iliyomkasirisha zaidi. Aliiita hila ya kitaalamu. Mwaka mmoja. Dada yangu alianguka palepale, na mimi nikabaki nimeshika kiatu chake.

Aliyetuokoa ni wakili mmoja kijana, na wala hatukumtafuta. Alikuja mwenyewe mbio akiwa amevaa suruali fupi kidogo. Suti yake ya kwanza ya kazi ilikuwa kwenye kamba ya shemeji, haina mkono wa kushoto, na alikuwa amepiga hesabu kwamba mwaka mmoja ni mrefu.

"Nitakata rufaa," alimwambia shemeji. "Na dhamana nitaiomba leo. Ila nawe ufanye kitu."

"Ijumaa," shemeji akasema.

"Fundi!"

"Basi kesho."

Akapata dhamana akisubiri rufaa. Miezi saba tukaishi hivyo, dada yangu akishtuka kila gari likisimama nje. Alikuwa amefunga mfuko wa nguo za mume wake tayari kwa jela, sabuni na mswaki ndani, akauweka nyuma ya mlango, na kila mara alipopita alikuwa anaupiga teke. Shemeji ndiye aliyepungua. Alikuwa anashona mpaka vidole vinavimba, anamaliza nguo za zamani, lakini mtu mpya akija na uso wa huzuni bado alikuwa anamwambia Ijumaa. Nilimsikia mwenyewe. Nilipiga ukuta wa mbao kwa kiatu.

Siku ya kusikilizwa Mahakama Kuu tulikwenda wote, pamoja na nusu ya mtaa. Jaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, na kwa jinsi alivyokuwa akivuta bega la joho lake nilijua palepale kwamba lilishonwa vibaya. Shemeji naye aliliona. Nilimfinya asije akajitolea kulirekebisha.

Wakili wa serikali alisimama kwanza, na alisema vizuri. Alisema tukiruhusu mtu achukue mali ya watu kisha awalishe uongo kila siku, sheria itakuwa imemlinda mwongo na kumwacha mnyonge. Nilimwangalia mama mkunga kwenye benchi la mbele, amekaa wima na mkoba mapajani, na kusema kweli nilikubaliana na yule wakili. Nilisahau kwa dakika nzima niko upande gani.

Kijana wetu akasimama. Akasema hakatai kwamba mteja wake ni mwongo.

"Hukatai?" Jaji akauliza.

"Mheshimiwa Jaji, siwezi. Mimi mwenyewe ni mteja wake."

Watu wakacheka mpaka karani akagonga meza. Jaji aliinamia karatasi zake muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kisha kijana akauliza swali moja, na hilo ndilo lililobeba kesi. Mama mkunga alitoa kitambaa lini? Jumatatu. Uongo wa kwanza aliambiwa lini? Jumanne. Sasa uongo wa Jumanne umevutaje kitambaa cha Jumatatu? Akakaa. Nilitaka aendelee, nilidhani amesahau mengine, kumbe amemaliza.

Hukumu ilisomwa wiki tatu baadaye. Sitajifanya nilielewa kila neno, lakini Jaji alisoma polepole kama mtu anayetaka hata wauza vifungo waelewe. Alisema sheria ya udanganyifu haikutungwa kuadhibu kila uongo duniani, maana jela zingejaa kabla ya saa sita mchana. Inaadhibu uongo uliofanya kazi maalumu: uliomfanya mtu aachie mali yake. Kwanza uje uongo, mtu auamini, na kwa kuuamini atoe alicho nacho. Mlalamikaji alitoa kitambaa chake na ujira wake kwa sababu mrufani ni fundi na anasifika kwa kushona, na hayo yote ni kweli. Siku ile ya Jumatatu mrufani alikusudia kushona; alinunua zipu na bitana jioni ileile, na shahidi wa duka la jirani hakutikisika. Hapo nilikaa wima. Uongo ulikuja baadaye, na kazi yake haikuwa kupata mali bali kupata muda. Ile kona nayo ilikatwa wakati kitambaa kimeshafika mikononi mwake. Hakimu alikosea kuisoma sheria kana kwamba uongo popote katika shughuli unatosha.

Halafu akainua macho. "Mahakama hii haina shaka hata chembe kwamba mrufani alimdanganya mlalamikaji, tena mara nne, tena usoni. Ni jambo la aibu. Mlalamikaji ana haki ya kumdai katika kesi ya madai. Lakini aibu si jinai. Hukumu ya jela inafutwa. Kielelezo namba moja kirudishwe kwa mwenyewe."

Dada yangu alipiga kelele ambayo nadhani walisikia mpaka ghorofa ya chini. Watu wa mtaa wakambeba shemeji mpaka kwenye korido. Wakili kijana akawa anapeana mikono na mawakili wakubwa, na mmoja akamwambia hukumu hii itasomwa vyuoni. Hebu fikiria hilo. Watoto wa watu watakaa darasani, watafungua kitabu, watajifunza kwamba shemeji yangu ni mwongo kwa mujibu wa Mahakama Kuu, lakini si tapeli. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mzigo wa miezi saba ulinishuka mara moja, nikahisi njaa.

Ndipo nikamwona mama mkunga kwenye dirisha la karani, anatia sahihi ya kupokea kitambaa chake. Walikuwa wamekitia kwenye mfuko wa plastiki wenye namba. Alikitoa, akakikagua, akaupiga ule mfuko mikunjo minne akaurudisha dirishani. Hata siku hiyo hakuacha uchafu mezani kwa mtu.

Shemeji alimwona pia. Akashuka kutoka mikononi mwa watu, akamwendea mbio, nami nikamfuata kwa sababu nilikuwa namjua.

"Mama," akasema, na pumzi zinampaa, "shikamoo mama. Naomba hicho kitambaa. Nitakushonea gauni bure kabisa, ujira wako nikurudishie, na bitana ninayo bado. Nitaweka nguo zote nyuma nikushonee wewe. Litakuwa tayari..."

Nikamkanyaga mguu.

Mama mkunga alimtazama. Nilitarajia hasira, na ningeifurahia, ingekuwa rahisi zaidi. Alikuwa amechoka tu.

"Litakuwa zuri, fundi. Najua mikono yako," akasema. "Nitalivaa wapi?"

Shemeji akafungua mdomo. Nimemwona mtu huyu akijibu wateja elfu moja. Hajawahi kukosa neno hata akiamshwa usingizini. Nilisubiri aseme kanisani, harusini, siku ya kuzaliwa kwa mjukuu. Yale yote mama mkunga angeweza kuyafikiria mwenyewe. Nyuma yetu watu wa mtaa walikuwa wanaimba.

"Hakuna, mama," akasema. "Ilikuwa siku moja. Nami niliichukua."

Mama mkunga akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ndiyo," akasema. "Ahsante." Hiyo ahsante aliisema kweli, kama mtu aliyepewa alichokuja kukidai. Halafu akanitazama na mimi, si kwa muda mrefu, akashuka ngazi na mkoba wake na kitambaa kwapani, akachanganyika na watu wa barabarani.

Nilitaka kumkimbilia nimwambie kwamba na mimi niliichukua. Nilikuwa na ulimi mzuri sana mahakamani siku ya kiapo. Nilisimama pale nikishika ukuta.

Shemeji alikaa kwenye ngazi akalia, mabega yakitikisika, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Wakili kijana alitokea mlangoni na wenzake, akadhani ni machozi ya furaha, akampiga picha. Dada yangu ameitundika sebuleni. Wageni wakija huisifu, na kila wanapoisifu shemeji huinuka akaenda jikoni kuangalia kama maji yamechemka.